Haki ya Mahali pa Msiba

Apitaye njia kuu itokayo Nakuru kwenda Eldoret hufika Sachangwan, karibu na Molo. Hapo, tarehe 31 Januari 2009, lori la petroli lilipinduka. Watu wakakusanyika kuteka mafuta yaliyomwagika, moto ukawaka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Wasiotambulikana walizikwa pamoja katika kaburi moja.

Nilisimama hapo na mwenzangu. Akasema, "Tamaa iliwaua." Nami nikaitikia kwa kichwa, kisha nikaona haya. Je, tulikuja kuzuru wafu au kuwahukumu?

Huko Ufaransa kipo kijiji cha Oradour-sur-Glane. Tarehe 10 Juni 1944 askari wa Kijerumani wa SS waliua humo watu 643. Wanawake na watoto walifungiwa kanisani, wakateketezwa. Baada ya vita magofu yaliachwa kama yalivyo, na kijiji kipya kikajengwa kando. Ni jambo jema, lakini lina mtego: muuaji anajulikana, na mwenye kuzuru hujihesabu upande wa waliodhulumiwa. Hulia, kisha huondoka ameridhika na nafsi yake.

Sachangwan hapana adui wa kunyooshewa kidole. Basi twamtafuta wa kumlaumu, na tumpataye ni maiti asiyeweza kujibu. Sisemi kwamba mali iliyomwagika haina mwenyewe, wala kwamba kujitia hatarini ni halali. Nasema kwamba aliyeshiba huita tamaa kile ambacho mwenye njaa hukiita riziki ya leo.

Na lau lawama ingefunza, moto ule usingalirudi. Ulirudi Sange, Kongo, mwaka 2010, ukaua zaidi ya watu 200. Ukarudi Morogoro mwaka 2019, ukaua zaidi ya 100.

Tumeruhusiwa kuzuru makaburi ili tukumbuke mauti yetu sisi, si makosa ya waliotangulia. Kwa hiyo haki ya mahali pa msiba, liwe gofu la vita au kaburi la kando ya barabara, ni mbili: kuuzuia ulimi juu ya wafu, na kuuliza hali ya walio hai. Jirani yako leo ana chakula, au dumu moja la mafuta latosha kumvuta motoni? Asiyejua jibu hilo hajazuru; amepita tu.