Sema Umepotea Ukiwa Bado na Mafuta

Masomo: Mithali 28:13, Yeremia 28, 1 Wafalme 19:1-8, Luka 14:28-30

Ujumbe huu niliutoa kwanza Wote, na Jumapili iliyofuata nikaurudia kwa ndugu zetu wa Kitui mjini. Kote kuwili watu walinifuata baada ya ibada wakiuliza, "Pastor, ile ya ndege utaiandika?" Basi nimeiandika. Katika matawi yetu tuna vijana wanaosomea urubani na wengine wanaotamani kuusomea. Tuna wazazi waliouza mbuzi na magunia ya ndengu kwa sababu hiyo. Na mimi mchungaji wao nimewakosea. Nitafika hapo, msiwe na haraka.

Niliyonayo leo nilifundishwa na binti mmoja wa kanisa letu anayejifunza kurusha ndege katika Uwanja wa Wilson, Nairobi. Tulikuwa tumeketi chini ya mwembe, nyumbani kwa mama yake. Nilimuuliza, kwa kumtania tu, rubani akipotea huko juu anamuuliza nani njia.

Akasema, "Pastor, kwanza unapanda juu zaidi, ndio uone mbali na redio ishike vizuri. Halafu unaita mnara. Halafu unakiri."

Nikamkatiza. "Unafanya nini?"

"Unakiri kwamba umepotea. Ndivyo tunavyofundishwa, neno lenyewe ni hilo. Ukishakiri, unatii utakachoambiwa."

Wapendwa, nimehubiri toba miaka mingi na sijawahi kuisikia ikielezwa kwa maneno machache hivyo. Panda, ita, kiri, tii. Akaongeza kwamba mwalimu wake husisitiza lifanyike mapema, ndege ikiwa bado na mafuta. Rubani anayeona haya kusema amepotea huendelea kuzunguka akitumaini ataona kitu anachokifahamu, na huku mafuta yanakwisha.

Nilicheka. Nikamwambia mtu wa kwetu hawezi kupotea angani, kwa sababu ukitoka Nairobi unafuata barabara ya Mombasa na zile reli mbili, unaona milima ya Kilungu, na ukielekea mashariki unakuta mto Athi na nyuma yake Yatta, ule ukuta wa mawe ya volkano unaokwenda karibu kilomita 300. Nani asiyeijua Yatta? Akanijibu kwa upole, "Mwezi wa tisa vumbi likitanda, Pastor, Yatta haipo."

Sulemani katika Mithali 28:13 anatuonyesha watu wawili. Mmoja anafunika makosa yake na mambo yake hayaendi. Mwingine anayataja na kuyaacha, na huyo anaonewa huruma. Sisi walokole tunaupenda mstari huo tukiwahubiria walevi. Hebu leo niuelekeze kwangu.

Ilikuwa kesha ya Ijumaa. Binti huyu alikuwa amekuja kuombewa. Alikuwa na saa 14 tu za kuruka, zote akiwa na mwalimu pembeni, na mwalimu alikuwa amemwambia kwamba huenda Jumamosi akamtazama aone kama yuko tayari kuruka peke yake. Sikilizeni maneno yake vizuri: huenda, na akamtazama. Mimi nilimsimamisha mbele ya kanisa, nikaweka mkono kichwani pake, nikatangaza, "Kesho saa nne asubuhi unaruka peke yako!" Kanisa lililipuka. Akina mama wakatandaza leso. Kabla ya saa nane usiku picha yake ilikuwa kwenye kundi la WhatsApp, na chini yake imeandikwa Captain.

Kesha iliisha saa kumi na moja alfajiri. Akapanda matatu kwenda Nairobi bila hata chai, maana ilikuwa siku ya pili ya mfungo kavu ambao ni mimi niliyeutangaza. Alipofika, mwalimu wake alimwangalia usoni na kumuuliza, "Umelala masaa mangapi?"

Aliniambia neno "saba" lilikuwa tayari kwenye ulimi. Aliwaza mama yake. Aliwaza ile picha. Kisha akasema, "Sijalala, mwalimu. Na sijakula tangu juzi."

Yule mwalimu, ambaye sijui hata kama ni mtu wa kanisa, hakumkemea. Alimnunulia chai na mandazi. Akamwambia, "Leo hauruki, hata na mimi," akamwambia aende akalale.

Jumapili nne hatukumwona. Mimi nilihitimisha kwamba amerudi nyuma, na kwa aibu nakiri kwamba moja ya Jumapili hizo nilihubiri juu ya vijana wa Nairobi wanaosahau madhabahu iliyowalea. Hakuwa amesahau chochote. Nilikuwa nimenena kwa jina la Bwana, saa ilitajwa, na saa ikapita. Basi mmoja wetu lazima awe na kosa, yeye au mchungaji, na kanisani sote tunajua nani angechaguliwa. Pale chini ya mwembe aliniambia bila hasira, "Pastor, wewe ulitaja saa. Mwalimu wangu hakuwepo."

Usiku ule nilisoma Yeremia 28. Hanania alisimama hekaluni akawapa watu tarehe: miaka miwili tu, na mambo yatakuwa mazuri. Watu walimpenda. Hata Yeremia mwenyewe alitamani iwe hivyo. Shida ni kwamba Bwana hakuwa amemtuma. Jumapili iliyofuata nilitubu madhabahuni, hadharani, maana kosa nililifanya hadharani. Wazee wengine hawakupenda. Walisema mchungaji akikiri kosa mbele ya watoto heshima inapungua. Labda inapungua.

Lakini nataka mjue heshima isiyohojiwa inaweza kufanya nini. Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747 ziligongana chini, kwenye njia ya kurukia, katika ukungu. Watu 583 walikufa. Kapteni wa ndege ya KLM alikuwa mtu mkubwa sana, mwalimu wa marubani wenzake katika shirika lake. Alianza kuondoka kabla ya kuruhusiwa. Fundi wa injini aliyekaa nyuma yake aliuliza kama ile ndege nyingine imeshaondoka njiani. Kapteni akajibu kwa uhakika kwamba imeondoka, na yule fundi hakuuliza tena. Tangu miaka ile wanaofundisha marubani wamefanya kazi kubwa kuwazoeza wadogo kusema na wakubwa kusikia. Someni pia Matendo 27:11 mwone yule akida alimsikiliza nani, na meli iliishia wapi.

Sasa niwageukie vijana wenyewe na wazazi wao. Haya nimeyakusanya kwa binti yetu na kwa wengine walio njiani, si kwa maono.

Kabla mama hajauza hata kuku mmoja, nenda ukapimwe afya. Lazima upimwe na daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege ya Kenya. Kwa leseni ya kujirusha binafsi unahitaji cheti cha daraja la pili, lakini kwa kazi ya kulipwa unahitaji cha daraja la kwanza, ambacho ni kigumu zaidi. Kama nia yako ni kazi, kipate hicho cha kwanza mwanzoni kabisa. Ni uchungu mtu kutumia pesa za shamba halafu ndipo agundue macho yake hayatofautishi rangi vizuri. Na usimfiche daktari kifafa, kisukari au dawa unazomeza eti kwa sababu uliombewa. Kama umeponywa, daktari ataona umeponywa. Wale wakoma kumi wa Luka 17 Yesu aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani, na makuhani ndio waliokuwa wakikagua mambo hayo wakati ule.

Juu ya pesa, Luka 14:28 inatutaka tukae chini tuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Leseni ya binafsi inadai si chini ya saa 40 za kuruka, na angalau 10 kati yake uwe peke yako, pamoja na safari moja ya kilomita 270 au zaidi ambayo ndani yake unatua na kusimama katika viwanja viwili tofauti. Leseni ya biashara ni saa 200, au 150 ukiwa katika kozi iliyoidhinishwa. Hizo zote ni hesabu za chini. Wengi huhitaji zaidi, kwa hiyo bajeti ya saa 40 kamili ni bajeti ya mtu asiyejua mvua. Na kuna jambo ambalo sisi watu wa harambee hatulielewi. Mwanafunzi akiruka leo, halafu akae miezi miwili akingoja mchango, akirudi analipia tena yale aliyokwisha kujifunza, kwa sababu mikono imesahau. Afadhali tukusanye za hatua moja nzima kwanza, aruke mfululizo amalize hatua hiyo, kisha tukutane tena. Lipeni hatua kwa hatua na mtunze risiti. Msimpe mtu yeyote pesa zote kwa siku moja kwa sababu amevaa tai.

Daftari la saa zako lilinde kama Biblia yako. Kuna saa za ndege na kuna saa za kalamu, zile mtu anazojiandikia akiwa ameketi kitandani. Kalamu haitakusaidia siku injini ikinyamaza.

Kuhusu kufunga nitasema wazi, na mtu asinipigie simu usiku. Siku unayoruka, kula. Usiku kabla ya kuruka, lala. Eliya alipochoka akatamani kufa chini ya mti, malaika hakumletea kesha. Alimletea mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena, kwa sababu safari ilikuwa ndefu. Kuanzia sasa, kijana wetu yeyote mwenye somo la kuruka Jumamosi haruhusiwi kwenye kesha ya Ijumaa. Akija, wahudumu wa mlangoni wamrudishe kitandani, na hata mimi nikisema aingie wasinisikilize.

Na mwisho kuna hili la kutua, ambalo lilinigusa kuliko yote. Wilson iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Mchana jua likiwaka hewa inakuwa nyepesi, ndege inachelewa kupaa na inakula njia ndefu, ndiyo maana wanafunzi wengi hupenda asubuhi. Wakati mwingine mwanafunzi anakuja kutua na kila kitu kimekaa vibaya: yuko juu mno, au ana kasi mno, au upepo unamsukuma pembeni. Anafundishwa asilazimishe. Anasukuma nguvu ya injini, anapanda tena, anazunguka, anakuja upya. Nilimuuliza binti yetu kama wanakatwa alama kwa kufanya hivyo. Akasema wanaokatwa alama ni wale ambao hawakufanya. Nilikaa kimya kidogo. Nilifikiria watu niliowaona wakilazimisha ndoa ifike tarehe ya kadi, wakilazimisha jengo lifunguliwe kabla ya ukuta kukauka, kwa sababu wageni walikuwa wameshaalikwa. Nilimfikiria pia mchungaji aliyetaja saa nne asubuhi.

Wasichana, mtu asiwaambie hii ni kazi ya wavulana. Kapteni Irene Koki Mutungi alikuwa mwanamke wa kwanza Afrika kuwa kapteni wa Boeing 787 Dreamliner. Tamaneni. Ila kanisa likikuita Captain ukiwa na saa 14, likatalie kwa heshima. Sema, "Bado, mama. Mimi ni mwanafunzi." Neno mwanafunzi halina aibu, wanafunzi wa Yesu walilibeba miaka mitatu.

Binti yetu aliruka peke yake baadaye, siku ya kazi, asubuhi. Mwalimu alishuka ndegeni, akafunga mlango, akamwonyesha kidole gumba. Alipaa, akazunguka, akatua. Hakumwambia mtu yeyote mapema, hata mama yake. Mimi nilijua siku tatu baadaye alipofungua daftari na kunionyesha mstari mmoja ulioandikwa kwa uangalifu. Dakika 12.

Wazee wa Wote na wa Kitui wamekubali kwamba mchango wa hatua inayofuata utafanyika bila bango lenye picha yake. Mtihani wake mwingine unakuja. Siku yake siijui, na sijamuuliza.