Kutunukiwa na Kujitunuku

Je, nishani humpa mtu heshima? Askari wa Afrika Mashariki waliopigana Burma mwaka 1944 walitunukiwa Nyota ya Burma. Idi Amin aliingia jeshini mwaka 1946, vita vimekwisha. Alipokuwa Rais alijitunuku Msalaba wa Ushindi. Mwaka 1973 hata Ziwa Edward, lililo kusini mwa Bulembia yetu, lilipewa jina lake. Alipoangushwa mwaka 1979, jina la zamani likarudi. Sisi walimu wa lugha twajua: kutunukiwa kwahitaji mwingine aliyeshuhudia tendo; kujitunuku hakuhitaji hata tendo. Basi nishani ni ushahidi tu, na heshima hukaa katika tendo lenyewe. Tuwafunze vijana kuuliza kwanza: ni nani aliyeshuhudia?