Dereva na Utingo Wake

Wanangu mlioripoti kazini juzi, nanyi mliokwisha kuzoea vumbi la chaki, ketini niwaambie neno.

Hapa Tunduma nani asiyeijua foleni ya malori ya mpakani? Mtazameni dereva anaporudisha trela nyuma mahali palipobana. Huenda ameikanyaga barabara ya Dar es Salaam miaka 20, lakini harudi nyuma hata hatua moja kabla utingo hajashuka. Utingo husimama pale ambapo kioo hakifiki, akapiga bodi: njoo, njoo, kata kulia, hapo! Usukani haugusi, wala hamwandikii dereva faini. Faini ni kazi ya trafiki.

Sisi walimu wazee tulilelewa na trafiki, yaani mkaguzi wa shule. Mkaguzi akitarajiwa, shule nzima ilifagiliwa, na maandalio ya somo ya muhula mzima yaliandikwa usiku mmoja kwa mwanga wa kibatari. Mimi nimewahi kufundisha somo moja mara mbili: jana yake kwa watoto, siku ya pili kwa mkaguzi. Watoto wakajibu kama kasuku, nikasifiwa. Nilichojifunza siku ile ni kuficha tu, na mficha uchi hazai.

Utingo wangu alikuja baadaye: mwalimu mwenzangu, mdogo kwangu kwa umri. Nilikuwa nafundisha kugawanya, darasa la watoto zaidi ya 80. Nikamwomba aketi nyuma aniangalizie jambo moja: maswali yangu yanakwenda kwa nani? Hakunipa alama. Alichora madawati kwenye daftari, akaweka nukta kila mtoto alipoitwa.

Tulipotoka, tukaketi chini ya mparachichi. Akaniuliza, "Mwalimu, wewe umelionaje somo?" Nikasema limekwenda vizuri. Akanifungulia daftari. Nukta zote zilikuwa madawati ya mbele. Kisha akauliza, "Yule wa dirishani alikuwa anafanya nini?" Sikujua. "Alikuwa anagawa vijiti chini ya dawati. Jibu alikuwa nalo kabla ya wale uliowaita."

Nikamfuatilia mtoto yule. Mama yake alikuwa akifanya biashara ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Kila jioni mtoto alimsaidia kubadili kwacha kuwa shilingi, kwa kichwa. Nyumbani walisema Kinyamwanga, na Kiswahili cha darasani kilimponyoka kila alipotaka kunyoosha mkono. Kesho yake nilianza kipindi kwa chenji ya sokoni, nikawaacha wajibu wawili wawili kwanza. Nilikuwa nimefundisha miaka mingi bila kuliona dirisha lile. Kinyozi hajinyoi.

Siku hizi mmerahisishiwa. Wakaguzi wameitwa wathibiti ubora, na MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yanawataka mkutane katika jumuiya za ujifunzaji palepale shuleni na kwenye vituo vya walimu. Ila mkikutana kusaini mahudhurio na kungoja chai, mtakuwa mmebadili jina tu.

Basi shikeni haya. Kabla ya kuingia, mkubaliane jicho litazame nini. Jambo moja latosha. Ukiwa nyuma ya darasa, watazame watoto kuliko mwalimu: nani anaandika, nani ananakili, nani amenyamaza. Andika ulichokiona na kukisikia. Hukumu iache mlangoni. Baada ya kipindi, mwenye somo aseme kwanza. Mwulize, nawe uvumilie akikaa kimya, maana kimya hicho ndicho tafakuri yenyewe. Muondoke na badiliko moja, kisha urudi wiki ijayo kuona limezaa nini. Na uliyoyaona usiyapeleke ofisini kuwachekesha wenzako. Ukimwanika mwenzio mara moja, hatakufungulia mlango tena.

Nanyi walimu wakuu, siku ya utingo isiwe siku ya trafiki. Karatasi ya ushauri ikigeuka ushahidi wa kumwadhibu mtu, walimu watarudi kwenye kibatari na kasuku.

Kijana, usiseme, "Mimi mgeni, nitamwambia nini mzee?" Utingo si mkubwa kwa dereva. Amesimama mahali pengine, basi. Na wewe mwenye miaka mingi kazini, usingoje kuombwa. Kesho kabla ya kengele mwite aliye mdogo kwako, umwambie: "Njoo uketi nyuma, uniangalizie upande wa dirishani."