Utu Mbele ya Kadhi wa Chuma

Mwaka 1950 Alan Turing, mwanahisabati wa Uingereza, aliuliza iwapo mashine yaweza kufikiri, akabuni mtihani ambao ndani yake mwanadamu ndiye hakimu. Na leo, kwa fitina ya barua taka, ambazo mwanzo wake ni tangazo la kuuza kompyuta lililopelekwa kwa watu wapatao 400 mwaka 1978, hukumu imepinduka, mashine ikakalia kiti cha kadhi.

Jana usiku nilitaka kusoma ukurasa mmoja tu kwa kivinjari cha Tor, kifichacho anwani ya msomaji kwa kuipitisha katika vituo vitatu, nikaletewa picha tisa zenye ukungu, nikaamrishwa nithibitishe kuwa mimi ni mtu kwa kuchagua zenye taa za kuongozea magari. Je, nguzo ichukuayo taa nayo ni taa? Nilichagua, nikakataliwa, nikaletewa pikipiki.

Siwalaumu walinzi wa mlango, maana roboti za taka ni balaa, na anwani moja ya kituo hutumiwa na kaumu nzima, hata dhambi ya mmoja ikawaangukia wote. Lakini mafakihi wametufunza kwamba asili ya mtu ni kutokuwa na hatia, na kwamba ushahidi ni juu ya mwenye kudai. Basi kwa hoja gani mtu aliyejisitiri tu, kama afungaye dirisha lake magharibi, ahesabiwe si mtu mpaka athibitishe? Marehemu bibi yangu, alipobishiwa hodi usiku, aliuliza, "Nani?", na sauti ya binadamu ikamtosha.