Je, Kipawa ni Deni?

Wiki hii hebu tutafakari swali ambalo linasumbua nyumba nyingi. Mtu akizaliwa na kipawa kikubwa, je, ana deni la kukitumia mpaka mwisho? Na akiamua kukiweka chini angali kijana, amekosea? Tutalitazama swali hili kupitia maisha ya binti mmoja wa Ufaransa.

Anaitwa Coline Mattel. Alizaliwa mwaka 1995 huko Sallanches, mji mdogo ulio karibu na Mlima Mont Blanc. Mchezo wake ulikuwa kuruka kwa skii. Kwa wale hawajawahi kuuona, mambo ni hivi: mchezaji hufunga mbao mbili ndefu miguuni, akateleza kwenye mteremko mkali kwa kasi inayokaribia kilomita 90 kwa saa, kisha mteremko ukaisha ghafla naye akajitupa hewani. Hana injini, hana parachuti. Huinama mbele, akalalia upepo, na kutua chini karibu mita 100 kutoka pale alipoanzia kuruka. Waamuzi watano humpa alama za namna alivyoruka na kutua, na umbali wake pia huhesabiwa. Mwoga hawezi kazi hiyo.

Mattel alikiweza kipawa hicho mapema sana. Mwaka 2011, kwenye mashindano ya dunia kule Oslo, alipata medali ya shaba akiwa na miaka 15 tu. Tarehe 11 Februari 2014, kule Sochi, Urusi, wanawake waliruka kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza kabisa. Carina Vogt wa Ujerumani alishinda kwa pointi 247.4, Daniela Iraschko-Stolz wa Austria akapata 246.2, na Mattel akawa wa tatu kwa 245.2. Pointi 2.2 tu kati ya dhahabu na shaba! Alikuwa na miaka 18.

Halafu mwaka 2016, akiwa na miaka 20, alitangaza kwamba anaacha.

Unajua watu husema nini wakisikia habari kama hiyo. Wanasema ni hasara. Wanasema ameacha mapema, ati angengoja angalau Olimpiki moja zaidi. Wengine watakumbuka ule mfano wa mtumwa aliyefukia talanta ardhini, na kumwekea binti wa watu hukumu hiyo.

Tusiwadharau wanaosema hivyo, maanake wana hoja nzito. Kipawa cha Mattel kilihitaji mlango, na mlango huo ulifunguliwa na wengine kwa jasho. Wanaume walianza kuruka kwenye Olimpiki ya Majira ya Baridi mwaka 1924, kule Chamonix, eneo lile lile la Mont Blanc alikozaliwa Mattel. Wanawake walingoja miaka 90. Hata mwaka 2005, rais wa shirikisho la kimataifa la skii, Gian Franco Kasper, alisema hadharani kwamba kwa upande wa kitabibu mchezo huo hauonekani kuwafaa wanawake. Mwaka 2009 baadhi ya wanawake wa mchezo huo walikwenda mahakamani Kanada, ili waruhusiwe kwenye Olimpiki ya Vancouver ya 2010. Jaji alikubali kwamba wanabaguliwa, lakini akasema sheria ya Kanada haiwezi kuilazimisha Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Wakakosa nafasi.

Miongoni mwao alikuwa Lindsey Van wa Marekani, bingwa wa kwanza wa dunia wa wanawake mwaka 2009. Sochi ilipofika hatimaye, alikuwa na miaka 29, na alimaliza wa 15. Miaka yake bora ilikwishapita akiwa nje ya mlango. Basi mtu anaweza kuuliza: Coline, wenzako walipigana ili wewe uruke. Unawezaje kuondoka baada ya Olimpiki moja tu?

Hebu tulipime swali hilo polepole.

Kwanza, wanawake wale walidai nini? Hawakudai kwamba kila msichana anayeweza kuruka lazima aruke mpaka azeeke. Walidai mwanamke aamue mwenyewe, badala ya kuamuliwa na wakubwa wa kamati. Sasa tukimwambia Mattel hana ruhusa ya kuacha, tumetoa uamuzi mkononi mwa kamati tukautia mkononi mwetu. Yeye bado hajaamua kitu.

Pili, deni hilo tunalomdai linalipwa na mwili wa nani? Si wetu. Sisi tutakaa kwenye kiti tukitazama televisheni. Yeye ndiye atakayepanda juu kule asubuhi ya baridi, na kuruka kwa kasi ya gari la barabara kuu. Ni rahisi sana kudai sadaka ambayo wewe huitoi.

Tatu, yule mtumwa wa mfano alikuwa na kosa gani? Aliogopa, akaficha, na hakufanya biashara hata siku moja. Mattel hakuficha kitu. Aliruka tangu utotoni, na medali yake ya Sochi ilikuwa ya kwanza ya Olimpiki kwa Ufaransa katika mchezo huo. Kuacha kazi uliyoifanya si sawa na kukataa kuianza. Tukichanganya mambo haya mawili, tutawahukumu watu bure.

Lakini pia tusiende upande wa pili na kusema kipawa hakidai chochote. Kinadai. Kinadai shukrani kwa waliokufungulia njia. Kinadai bidii wakati ukiwa nacho, yaani usitumie nusu ya nguvu huku ukila nafasi ya mwingine. Na moyo ukishatoka kwenye kazi, kinadai useme ukweli, usiendelee kusimama pale kwa ajili ya makofi tu. Aliyesema waziwazi kwamba anaacha amelipa deni hilo la mwisho, na wengi wetu hatulilipi.

Na mlango je, ulifungwa alipoondoka? La. Desemba 2023 Mfaransa mwingine, Joséphine Pagnier, alishinda shindano la Kombe la Dunia kule Lillehammer, Norway. Mattel aliposimama kwenye jukwaa la Sochi, Pagnier alikuwa mtoto wa miaka 11. Mlango uliofunguliwa na wengi haushikiliwi na mtu mmoja.

Sasa turudi nyumbani kwetu, mzazi mwenzangu. Una mtoto anayeimba vizuri kuliko wote, au anayepiga kinanda mpaka watu wanasimama. Siku moja atakuja kusema, "Mama, nimechoka nayo." Usikimbilie kumwambia amefukia talanta. Muulize kwanza: ni woga, au umemaliza? Kama ni woga, mshike mkono, mtie moyo, arudi. Kama amemaliza, mshukuru kwa yote aliyotupa, kisha mwache aende akatafute kazi nyingine ya mikono yake.

Majibu hayo mawili yanafanana sana yakisemwa na mtoto aliyechoka. Kuyatofautisha kunahitaji muda na masikio, na hilo sasa ni deni letu sisi, si lake.