Kumhasi paka mdogo: Ni kubadili maumbile ya Allah?

Katika darasa letu la akina mama hapa Kimara, mmoja wao aliniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Ustadh, daktari wa mifugo kaniambia paka wangu afungwe kizazi angali mdogo, kabla hajaanza kuzaa. Nikikubali nitakuwa nimetenda dhambi?" Kabla sijafungua kinywa, wenzake walikwisha kumjibu. Haramu, huko ni kubadili maumbile ya Allah (sw), na shetani ndiye aliyeapa kuwaamrisha watu wafanye hivyo, kama ilivyo katika Suratun-Nisaa aya ya 119.

Hofu yao ni ya kheri, na aya ipo. Lakini nani asiyejua yanayofanyika katika mitaa yetu? Paka jike huweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu, hubeba kwa siku 65 hivi, na kwa mwaka mmoja anaweza kuzaa mara mbili au tatu. Vile vitoto huishia wapi? Vinatiwa kwenye kiroba na kutupwa jalalani, mtaroni, au kando ya Barabara ya Morogoro usiku, mtu asionekane. Wanaofanya hivyo ni sisi sisi, tunaosimuliana msikitini hadithi sahihi ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa kumfungia paka bila chakula wala kumwacha ajitafutie. Ajabu ni kwamba anayetupa kiroba hasikii dhambi, lakini akitajiwa kuhasi anashituka!

Sasa tuje kwenye fiqhi, na hapa sitaki kumficha msomaji kitu. Wengi wetu Afrika Mashariki ni wafuasi wa Imam Shafi, na Imam Nawawi wa madhehebu hayo amesema wazi: mnyama asiyeliwa hahasiwi. Anayeliwa anaweza kuhasiwa akiwa mdogo, si akiwa mkubwa. Paka haliwi, kwa hiyo jambo limekwisha? Mimi naona bado. Hebu tujiulize kwa nini akaruhusiwa yule mdogo anayeliwa. Ni kwa sababu kuna manufaa, nyama yake huwa nzuri, na maumivu yake ni mepesi kuliko ya mkubwa. Yaani waliweka maumivu upande mmoja na manufaa upande wa pili wakapima. Zama zao hapakuwa na dawa ya usingizi. Leo daktari humlaza paka, humfanyia upasuaji asihisi kitu, na mdogo hupona haraka kuliko mkubwa. Zipo nchi ambako hufanyiwa hata akiwa na wiki nane, ilimradi awe na afya na uzito wa kutosha. Na manufaa si nyama tena, ni vile viroba visiwepo.

Wanazuoni wa Hanafi hawakupata tabu hiyo. Wao wameruhusu kumhasi mnyama, na paka wakamtaja kwa jina, ikiwa kuna manufaa au kuzuia madhara. Sheikh Ibn Uthaymin wa Saudi Arabia, aliyefariki mwaka 2001, naye aliona kuwa paka wakiwa wengi wanaoudhi, na upasuaji usiwadhuru, hakuna ubaya, kwani ni bora kuliko kuwaua baada ya kuumbwa. Imepokewa pia kuwa Mtume (saw) alichinja kondoo wawili waliohasiwa. Kama kila kuhasi kungekuwa kubadili maumbile kulikokatazwa, hao wangetoka wapi?

Wapo watakaosema: mlango huo ukifunguliwa, kesho watahasiwa watu. Hapana. Masahaba walipoomba ruhusa ya kujihasi, Mtume (saw) aliwakataza. Mwanadamu ana hukumu yake.

Hata hivyo sifungui mlango wa starehe. Anayetaka paka wake ahasiwe ili tu asikojoe kwenye makochi, huyo aende kuwauliza masheikh wengine. Wala simkubali fundi wa mtaani mwenye wembe. Hayo ni mateso, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ipo kwa ajili ya kuyazuia mateso ya namna hiyo. Pia kuna wasemao aachwe kwanza azae mara moja ndipo roho yake itulie. Kwa paka hilo halina msingi, na huo uzao mmoja ndio vitoto vinne vya kutafutiwa pa kwenda.

Kinachobaki ni gharama, na yule mama hana kitu. Majirani wote wanafaidi, maana paka wake ndiye anayewamalizia panya. Basi kwa nini alipe peke yake? Wenye madume wachange pia, ingawa wao hawatupi kiroba, kwa kuwa vitoto havizaliwi nyumbani kwao. Na ikiwa fedha iliyopatikana inatosha paka mmoja tu, ahudumiwe jike. Ukimhasi dume mmoja, majike wa mtaa watapata dume mwingine usiku huo huo.