JE, MUNGU ANAHITAJI UONGO WETU ILI ATIMIZE AHADI YAKE?



Katika maombi ya nyumba kwa nyumba kuna swali linaloulizwa kwa sauti ya chini, na tumeona afadhali tulijibu waziwazi kuliko kuliacha lizunguke. Kama Mungu ameahidi kututoa hapa Nakivale, je, ni dhambi kubadilisha maneno machache kwenye intavyuu ili ahadi ifike upesi? Kumwandika mtoto wa dada kama mtoto uliyemzaa. Kumficha mume aliyeko Kampala ili mama aonekane mjane. Kuchukua historia ya jirani ambaye kweli alichomewa nyumba, na kuisimulia kama yako.

Wanaotetea jambo hili humtaja Ibrahimu. Wanasema: baba wa imani alidanganya, na Mungu akambariki hivyo hivyo. Hawakukosea kusoma. Basi tumsome Ibrahimu huyo huyo, maana naye aliishi maisha yake kama mgeni katika nchi ya watu.

Katika Mwanzo 12 njaa ilimshusha Misri, jambo ambalo sisi hatuhitaji mwalimu wa chuo cha Biblia kutueleza. Akaogopa kuuawa kwa ajili ya mke wake, akasema ni dada yake. Sasa tuangalie nani alilipa. Ibrahimu alipata kondoo, ng'ombe, punda na ngamia. Sara ndiye aliyechukuliwa akapelekwa nyumbani kwa Farao. Na Farao, ambaye hakuambiwa ukweli, akapigwa kwa mapigo pamoja na watu wa nyumba yake. Tukifika sura ya 16, wameishi Kanaani miaka kumi na mtoto wa ahadi hajaonekana, wakaona wamsaidie Mungu kwa kumtumia Hajiri. Hapo tena aliyelipa si mwenye mpango. Ni kijakazi Mmisri, mgeni katika hema la wageni, aliyekimbilia jangwani akiwa na mimba. Ishmaeli alizaliwa Ibrahimu akiwa na miaka 86, na Isaka akiwa na miaka 100. Msaada wao haukuisogeza ahadi mbele hata siku moja.

Kwa hiyo tukiulizwa kama Mungu aliitimiza ahadi yake ingawa Ibrahimu alidanganya, tunajibu ndiyo. Lakini uongo haukuwa daraja la ahadi. Ahadi ilikuja ikipita juu ya uongo, na mzigo wa uongo ukabaki kwenye mgongo wa mwingine.

Haya si mambo ya zamani tu. Mwaka 2008 Marekani ilifanya vipimo vya DNA kwa wakimbizi wa nchi kadhaa za Afrika, Uganda ikiwemo, waliokuwa wameombewa na ndugu zao kupitia mpango wa kuunganisha familia. Wengi hawakuweza kuthibitisha undugu waliodai, na wengine walikataa kabisa kupimwa. Mpango ukafungwa. Ulifunguliwa tena mwaka 2012. Tunajua kwamba si wote walioshindwa vipimo vile walikuwa waongo: Mwafrika akisema "huyu ni mtoto wangu" mara nyingi anasema juu ya yule aliyemlisha na kumbeba mgongoni wakati wa kukimbia, wala hafikirii damu. Hata hivyo waliochezea majina walikuwepo, na mlango ulipofungwa ulimfungia pia mama aliyekuwa akisema kweli na kumngoja mume wake. Miaka minne. Yeye ndiye Sara wa habari hii, na aliyeandika jina la uongo pengine hakuwahi kumwona uso.

Ndugu mmoja msomaji wa Maandiko atatuuliza: je, wakunga Shifra na Pua hawakumdanganya Farao? Rahabu je? Swali ni zuri, na tusilikimbie. Wako kati yetu waliomficha jirani chini ya kitanda na kumwambia mwenye bunduki kwamba hakuna mtu ndani. Hatutawaita hao mbele ya kanisa watubu. Wakunga walisema maneno yale ili watoto wa wengine waishi, na hatari wakaibeba wao wenyewe. Mtu wa intavyuu anabeba faida mwenyewe, na hatari anamwachia mwingine aliye nyuma yake kwenye mstari. Ukitaka kupima jambo lako, anza hapo.

Lipo kosa la upande wa pili, na linahubiriwa kwa sauti kubwa zaidi. Kuna watumishi wanaofundisha kwamba ukifunga siku 21, ukitoa sadaka ya mbegu, ukaishi bila uongo, basi kesi yako lazima itembee na jina lako litabandikwa ubaoni. Hilo linageuza utii kuwa nauli. Mwezi wa Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, na watu waliokuwa tayari na tarehe ya ndege wakaambiwa safari haipo. Wengi walikuwa wamekwisha kugawa sufuria na magodoro. Kati yao walikuwemo waongo na wasema kweli, wafungaji na wasiofunga. Mhubiri wa mbegu atamwambia nini yule aliyesema kweli tangu siku ya kwanza? Kwamba utii wake ulipungua? Sisi hatuthubutu. Hakuna mahali Mungu alipoahidi nchi ya tatu kwa mtu yeyote. Nchi hiyo ni jambo jema, tuliombe, tulitafute, lakini tusiliite Kanaani.

Ibrahimu mwenyewe aliahidiwa nchi nzima. Alipokufa Sara hakuwa na mahali pa kumzika. Katika Mwanzo 23 alisimama mbele ya wenyeji, akakiri kwamba yeye ni mgeni na msafiri kwao, akaomba kaburi. Efroni Mhiti alimwambia achukue bure. Ibrahimu akakataa, akampimia shekeli 400 za fedha mbele ya mashahidi, bei kamili, bila kupunguza. Tunaipenda sana sura hii kuliko ile ya Misri. Mtu aliyesema uongo alipoogopa kufa, sasa ni mzee, anasema wazi yeye ni nani, na hataki kitu cha mtu. Kati ya ardhi yote aliyoahidiwa, shamba lile la Makpela pamoja na pango lake ndicho kipande alichokinunua awazike wafu wake, na alikipata kwa kweli.

Wenye intavyuu mwezi huu tunawaomba waje Jumatano baada ya maombi. Mtoto wa kulea ataandikwa mtoto wa kulea, na mume aliyeko Kampala ataandikwa yuko Kampala. Waliokwisha kuandika vingine wanakaribishwa pia, tutakaa nao faraghani.